Kupanda Uzio wa Alizeti Mwitu na Kuutumia kwa Mbolea

Alizeti mwitu, ambayo kitaalamu huitwa Tithonia diversifolia, ni kichaka cha kudumu chenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, na leo huota kandokando ya barabara na mashamba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Hufikia kimo cha mita 2 hadi 3, na kile kinachoonekana kuwa ua moja la njano ni mkusanyiko wa maua madogo mengi, kama ilivyo kwa jamaa zake alizeti ya mafuta na pareto. Wengi huipendea maua hayo. Hata hivyo, thamani yake kubwa iko katika majani, mradi mwenye bustani awe tayari kuikata mara kwa mara.

Njia nyepesi ya kuipanda ni kutumia vipande vya shina. Mvua zinapoanza, chagua mashina yaliyokomaa na kuwa magumu, wala si machipukizi mabichi, uyakate vipande vya sentimita 20 hadi 40. Vichomeke ardhini siku hiyohiyo, vikiwa wima au vimeinama kidogo, ncha iliyokuwa chini ikibaki chini, na uviachie nafasi ya sentimita 30 hadi 50. Usivilaze na kuvifukia, kwa sababu vikipandwa hivyo havichipui vizuri. Mbegu nazo hufaa, lakini zifunikwe kwa udongo kidogo wa kichanga, kwani zikizama katika udongo wa mfinyanzi huota kwa shida.

Uzio ukishasimama imara, ukate kabla haujachanua na kukomaza mbegu, ukiacha visiki vya kimo cha goti ili vichipue upya. Majani makavu huwa na takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu, nayo huoza upesi sana yakiwa mabichi. Ndiyo maana wakulima wa magharibi mwa Kenya huyakatakata na kuyafukia shambani wanapopanda mahindi au mboga. Chukua majani na vikonyo laini tu, kwa kuwa mashina magumu huoza polepole. Kazi ya kukata na kubeba ni nzito, hivyo kwa maoni yangu mbolea hii inafaa zaidi vitalu vya sukuma wiki na nyanya vilivyo karibu na uzio kuliko shamba kubwa la mbali.

Ikumbukwe kwamba mmea huu si wa jamii ya kunde: hauvuni naitrojeni hewani, bali hukusanya rutuba iliyomo ardhini, kwa hiyo uzio unaokatwa kila msimu unapaswa kurudishiwa samadi. Tena huenea kwa urahisi na kusonga mimea ya asili. Usiupande kando ya mito, karibu na misitu wala kwenye maeneo ya wazi yasiyotunzwa, na mche wowote unaojiotea nje ya mstari ung'oe ungali mchanga.