Somo: kuieleza feni na prosesa kwenye mti wa vifaa

Wakuu, habari za leo. Wengi tunaojenga Linux kwa bodi za ARM tunaunganisha feni, inazunguka, tunaridhika. Lakini kerneli (kiini cha Linux) haijui kuna feni mpaka uiandike kwenye faili la dts, yaani faili la mti wa vifaa linaloieleza kerneli vifaa vya bodi, na ukikosea namba moja bodi inachemka huku feni imelala.

Hatua ya 1: feni

```
feni: pwm-fan {
    compatible = "pwm-fan";
    pwms = <&pwm0 0 40000 0>;
    cooling-levels = <0 100 170 255>;
    #cooling-cells = <2>;
};
```

Hapo kwenye cooling-levels ndipo tunapoteleza. Namba hizo ni nguvu ya PWM (mapigo ya umeme yanayoongoza kasi ya feni), kuanzia 0 hadi 255, wala si asilimia. Kerneli huzihesabu kwa nafasi: 0 feni imezimwa, 1 ni ile 100, 3 ni kasi kamili. Ngazi ya kwanza itafute kwa majaribio. Feni yangu ndogo nilipoipa 60 ilitetemeka tu bila kuzunguka. Kwenye 100 ndipo ikaondoka.

Hatua ya 2: prosesa

Prosesa nayo ni kifaa cha kupoozea, maana ikipunguza mwendo joto linashuka. Weka `#cooling-cells = <2>;` kwenye kila nodi (kifungu cha dts) ya cpu.

Hatua ya 3: vizingiti (trip, viwango vya joto vinavyoamsha hatua)

Ndani ya thermal-zones, sehemu ya dts inayoeleza joto, joto huandikwa kwa sehemu za elfu za nyuzi selsiasi: nyuzi 60 ni 60000. Weka hysteresis (pengo kati ya joto la kuwasha na la kuzima) ya 5000, feni isizime mpaka joto lishuke chini ya 55. Ukiacha sifuri itawaka na kuzima bila kutulia. Kizingiti cha feni kiwe active, cha prosesa passive, na cha kuzima mashine critical.

Hatua ya 4: kuunganisha kizingiti na kifaa kwa ramani (map); joto60 ni jina la kizingiti cha nyuzi 60

```
map0 {
    trip = <&joto60>;
    cooling-device = <&feni 1 3>;
};
```

Zile seli 2 za #cooling-cells ndizo hizi: ngazi ya chini na ya juu. Ukiandika 255 hapa umeomba ngazi isiyokuwepo. Kwa prosesa weka THERMAL_NO_LIMIT (yaani bila mpaka) mara mbili, na uzitaje cpu zote.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nitajuaje kerneli imesoma?*
Fungua `/sys/class/thermal/`. Kila cooling_device ina faili la type; tafuta pwm-fan. Kwa mfano wetu max_state yake isome 3, na cur_state ipande bodi ikipata moto.

*Kwangu pwm-fan haionekani kabisa.*
Angalia kama CONFIG_SENSORS_PWM_FAN imewashwa kwenye kerneli yako.

*Cpu zangu 4 zinatumia clock moja (chanzo kimoja cha mwendo). Kwa nini nizitaje zote, cpu0 haitoshi?*
Haitoshi, ndugu yangu. Cpu0 ikiwa imezimwa wakati cpufreq (sehemu ya kerneli inayopanga kasi ya cpu) inaanza, kifaa cha kupoozea kitasajiliwa kwa nodi ya cpu nyingine. Ramani inayoijua cpu0 tu haitakipata, na prosesa itaendelea kukimbia kwa kasi ileile mpaka ifike kwenye critical na mashine ijizime.