Jinsi ya kupima mvua mwenyewe ujue kama msimu umebadilika kweli

Siku hizi kila mtu analalamika misimu imevurugika, mvua inachelewa, ikija inamwagika yote siku moja, usiku joto halishuki. Na sio maneno tu, Shirika la Hali ya Hewa Duniani limesema 2024 ndio mwaka uliokuwa na joto kuliko yote tangu vipimo vianze. Lakini muulize mtu mvua ya mwaka juzi ilianza tarehe ngapi, hajui. Tunakumbuka mafuriko tu. Kwa hiyo pima, andika.

Chukua chupa ya plastiki ya lita 2 yenye ubavu ulionyooka, ikate pale juu inapoanza kubana, toa kifuniko, kile kipande kigeuze ukichomeke ndani kama faneli ili maji yasikauke haraka. Chini chupa ina mabonde, so tia kokoto halafu mimina maji yazifunike mpaka yafike kwenye ubavu ulionyooka, piga mstari na maka peni, hapo ndio sifuri. Kutoka hapo panda na rula milimita moja moja. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani mm 20 kwenye bati la mita za mraba 50 ni lita 1,000!

Iweke mahali pa wazi, kama kuna mti wa mita 5 kaa mbali nao mita 10 hivi, na uifunge isiangushwe na upepo.

Soma kila siku saa 3 asubuhi. Chuchumaa kabisa mpaka jicho liwe sawa na maji, utaona pembeni yamepanda kidogo kwenye plastiki na katikati yamebonyea, soma pale palipobonyea. Kisha rudisha maji kwenye sifuri. Siku kavu andika 0, tafadhali usiache wazi, baadaye hutajua kama haikunyesha au ulisahau.

Sasa hapa ndipo wengi wanakosea, wanajumlisha mwezi basi. Mm 100 za siku 10 na mm 100 za siku 2 sio mvua moja, ile ya pili inabeba udongo inaondoka nao. Hewa ikipata joto la nyuzi 1 zaidi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, ndio maana ikimwaga inamwaga kweli. Hesabu siku zilizonyesha, na siku kavu zilizofuatana ndani ya msimu, hizo ndizo zinazounguza mbegu iliyoota na mvua ya kwanza.

Mwaka mmoja mbaya usiuite mabadiliko ya tabianchi, unaweza kuwa El Niño (bahari ya Pasifiki inapopata joto kwa muda na kuvuruga mvua), wataalamu wanalinganisha na wastani wa miaka 30. Omba wastani huo kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, uuandike ukurasa wa kwanza wa daftari, kila mwezi ukiisha weka namba yako pembeni yake. Chupa jua linaila, ikianza kupasuka kata nyingine kabla mvua hazijaanza.