Klorini Ipo, Maji Bado ya Kijani: Kupima na Kusawazisha Maji ya Bwawa la Kuogelea Nyumbani

Lalamiko la kawaida la wenye mabwawa ya nyumbani ni kwamba klorini inawekwa kila wiki, ndoo zinaisha, na maji bado yanaota ukijani. Mara nyingi klorini imo majini ila haifanyi kazi: imedhoofishwa na pH (kipimo cha uasidi wa maji) iliyopanda, au imefungwa na asidi ya sayanuriki (kinga ya klorini dhidi ya jua) iliyorundikana kutokana na vidonge vya klorini. Ukizidi kuongeza dawa katika hali hiyo, unamwaga pesa. Pima kwanza, ujue kilichopotoka, ndipo urekebishe kwa mpangilio.

Ujue ujazo wa bwawa

Vipimo vyote vya dawa vinategemea ujazo. Zidisha urefu, upana na wastani wa kina. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha mita 1 upande mmoja na mita 2 upande wa pili, lina wastani wa mita 1.5, yaani mita za ujazo 48 au lita 48,000. Kama bwawa lina umbo la kupindapinda, soma mita ya maji kabla na baada ya kulijaza. Uniti moja kwenye bili ni mita moja ya ujazo. Hesabu zote hapa chini ni za bwawa hili la mita za ujazo 48.

Namba za kulenga

Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaungana na uchafu, iwe miligramu 2 hadi 4 kwa lita kwa bwawa lililo juani. pH iwe 7.2 hadi 7.6. Alkalini 80 hadi 120. Ugumu wa maji, yaani kalsiamu, 200 hadi 400. Asidi ya sayanuriki 30 hadi 50. Hizi tatu za mwisho nazo ni miligramu kwa lita.

Kati ya hizo, pH ndiyo inayopuuzwa zaidi. Klorini ikiingia majini hugawanyika sehemu mbili, moja inaua vijidudu kwa kasi, nyingine ni dhaifu mno. Katika pH 7.2 karibu theluthi mbili ni ile kali. Katika 7.5 ni kama nusu. Ikifika 8 inabaki karibu robo tu, hata kama kipimo kinaonyesha rangi nzuri.

Kuchukua maji na kupima

Chota maji mbali na midomo inayorudisha maji bwawani. Ingiza chupa ikiwa imepinduliwa, mkono uzame hadi kiwiko, ndipo uigeuze. Maji ya juu yamepigwa na jua na kuchanganyika na mafuta ya ngozi, kwa hiyo hayasemi ukweli wa bwawa zima.

Suuza kichupa cha kupimia mara tatu kwa maji hayohayo, jaza hadi alama ya mililita 10, kisha tumbukiza kidonge cha DPD (dawa ya kupimia klorini kwa rangi) namba 1 bila kukigusa kwa vidole. Kiponde, tikisa, soma papo hapo: waridi hiyo ni klorini huru. Kwenye kichupa hichohicho ongeza DPD namba 3, subiri dakika 2, usome tena. Sasa umepata klorini yote. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Kinachobaki ni klorini iliyoungana na jasho na mkojo, na hiyo ndiyo inayonuka na kuwasha macho. Watu wengi wakisikia harufu hiyo husema klorini imezidi, kumbe kwa kawaida imepungua.

Kuna mtego hapa. Kama waridi inatokea kwa sekunde moja halafu inatoweka, au maji hayabadiliki kabisa, usikimbilie kusema hakuna klorini. Klorini ikizidi sana huifuta rangi ya DPD. Changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na nne za maji yaliyotoneshwa, pima tena, zidisha jibu kwa 5. Klorini nyingi huharibu pia kipimo cha pH cha fenoli nyekundu: rangi inageuka zambarau, nawe unamwaga asidi isiyohitajika. Ngoja klorini ishuke chini ya 10 ndipo upime pH.

Vijikaratasi vya kuchovya vinatosha kwa kuangalia haraka, lakini unyevu wa pwani huviharibu upesi. Funga kopo mara moja kila unapotoa kimoja, na usiingize mkono wenye maji.

Anza na alkalini

Alkalini ndiyo inayoshikilia pH isiyumbe. Ikiwa chini ya 60, pH inarukaruka kwa kila dawa unayoweka. Ili kuipandisha kwa 10, weka gramu 17 za bikabonati ya sodiamu (soda ya kuokea) kwa kila mita ya ujazo, yaani gramu 800 hivi kwa bwawa letu. Kutoka 60 hadi 80 ni kilo 1.6, gawanya kwa siku mbili.

Ikizidi, pH itapanda kila siku hata ukiishusha. Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana bikabonati nyingi, na wenye mabwawa huko wanaijua shida hii. Dawa yake ni asidi hadi pH ifike 7.2, kisha acha maji yarushwe hewani kwa chemchemi au midomo iliyoelekezwa juu. Hewa inapandisha pH bila kuirudisha alkalini. Rudia hadi alkalini ishuke.

pH

Kushusha kutoka 7.8 hadi 7.5, anza na mililita 400 za asidi ya hidrokloriki ya asilimia 32. Vaa miwani ya kinga, glavu na buti, simama upepo ukiwa nyuma yako. Ndoo ya plastiki ijazwe maji kwanza, asidi ifuate. Usimwage kamwe maji ndani ya asidi. Mimina polepole upande wenye kina, pampu ikiwa inafanya kazi. Pima tena baada ya saa 4.

Kupandisha, tumia magadi soda safi ya kiwandani (kabonati ya sodiamu, si soda ya kuokea), gramu 200 kwanza, kisha pima. Magadi ya mawe yanayouzwa sokoni kwa ajili ya maharage yana udongo na chumvi nyingine, yaache jikoni.

Klorini

Chenga za kalsiamu hipokloriti za asilimia 65: gramu 74 hupandisha bwawa letu kwa miligramu 1 kwa lita. Ziyeyushe kwenye ndoo ya maji, acha unga mweupe utuame, mimina yale maji ya juu. Fanya hivyo jioni, maana klorini isiyo na kinga hupoteza nusu ya nguvu chini ya saa moja ya jua kali.

Klorini iliyoungana ikizidi 0.5, piga dozi kubwa: mara 10 ya namba hiyo. Kwa 0.5 unahitaji miligramu 5 kwa lita, yaani gramu 370 za chenga. Nusu dozi haisaidii, inaweza hata kuongeza harufu. Pampu ifanye kazi usiku kucha, na asiogelee mtu hadi klorini ishuke chini ya 4.

Vidonge na asidi ya sayanuriki

Vidonge vikubwa vya gramu 200 ni rahisi kutumia, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Kila miligramu 10 za klorini zinazotoka kwenye kidonge huacha 6 za asidi ya sayanuriki. Bwawa linalokula miligramu 2 kwa siku linaongeza 36 kwa mwezi. Asidi hii haiondoki kwa jua wala kwa mvuke. Inatoka pale tu maji yanapotoka. Kidogo chake hukinga klorini na jua, kingi huifunga. Shirika la Afya Duniani linataka isivuke 100, lakini kwa bwawa la nyumbani chukua hatua ikipita 70.

Hakuna dawa ya kuaminika ya kuishusha isipokuwa kubadilisha maji. Kutoka 120 hadi 40 kwa mara moja, lazima theluthi mbili za maji ziondoke. Usilikaushe bwawa lote wakati wa masika mahali ambapo maji ya ardhini yako juu. Yanaweza kuliinua ganda la bwawa na kulipasua. Toa kwa awamu, theluthi kwa theluthi, mara tatu hivi, maana kila awamu huondoa theluthi tu ya asidi iliyobaki.

Baadaye tumia chenga kama dawa ya kila siku, vidonge viwe vya safari tu. Na usiweke chenga kwenye chombo cha kuelea au kifaa kilichokuwa na vidonge, wala usichote vyote kwa kijiko kimoja: vikikutana kabla ya kuyeyushwa bwawani vinaweza kulipuka. Asidi nayo iwekwe chumba kingine, kwani ikigusana na klorini hutoa gesi ya sumu.

Maji magumu ya pwani

Visima vya Mombasa na Unguja hupita kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji huja na kalsiamu nyingi tayari, na chenga huongeza nyingine. Kwenye joto la nyuzi 29 au 30 kalsiamu hiyo huganda: mstari mweupe unaokwaruza kwenye vigae, na mchanga wa filta unaoshikana mabonge. Ugumu hauondolewi kirahisi, kwa hiyo cheza na vingine: pH karibu na 7.3, alkalini karibu na 80.

Maji ya kisima yakigeuka kahawia muda mfupi baada ya kuweka klorini, hicho ni chuma. Yakigeuka kijani huku yakibaki angavu, shuku shaba, na klorini zaidi haitaiondoa. Ukijani wa mwani huja na ukungu na utelezi ukutani.

Pima klorini na pH kila siku ambayo watu wanaogelea, alkalini kila wiki, sayanuriki kila mwezi, na vyote upya kila boza la maji linapomwagwa bwawani.