Uandikie mtandaoni au kwenye kompyuta? Acha hati yako iamue

Kabla ya kulinganisha programu, fungua hati yako nzito kuliko zote, ile yenye tanbihi, majedwali, picha na ukurasa wa yaliyomo. Hiyo ndiyo ya kupimia. Barua ya ukurasa mmoja inaandikika popote.

Kwanza hesabu mikono itakayoigusa. Watu watatu wakitumiana ripoti kwa barua pepe, baada ya siku chache kuna "ripoti mpya", "ripoti mpya 2" na "ripoti ya mwisho kabisa", na hakuna ajuaye marekebisho ya nani yako wapi. Hapo Google Docs au Word ya mtandaoni haina mpinzani, kwa kuwa faili ni moja na kila mmoja anaona mwenzake anaandika wapi. Mtu akifuta aya kwa bahati mbaya, kwenye Google Docs bonyeza Ctrl+Alt+Shift+H, chagua toleo la kabla ya ajali, ulirejeshe. Ila angalia ruhusa za kiungo: chenye ruhusa ya kuhariri kikisambaa, yeyote aliyekipata anaweza kufuta. Wengi wanatosha kupewa ruhusa ya maoni tu.

Kazi ndefu ya mtu mmoja, kama tasnifu, sakinisha Word au LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure. Google Docs inabeba herufi milioni 1.02, na ni wachache wanaofika huko. Lakini kwenye mashine yenye RAM ndogo kivinjari huchoka mapema, unabonyeza herufi nayo inajitokeza kwa kuchelewa. Kero kubwa zaidi ni marejeo ya ndani. Umeandika "tazama Jedwali 7", kisha ukaongeza jedwali jingine katikati. Kama ulichomeka rejeo hilo kwa zana ya Word ya kompyuta, Ctrl+A halafu F9 inasahihisha namba zote. Google Docs bila programu jalizi, yaani nyongeza ya kusakinisha, unazisaka kwa macho. Makro za VBA, yaani amri zilizoandikwa ili Word ifanye kazi zinazojirudia yenyewe, nazo haziendeshwi na Word ya mtandaoni.

Intaneti ikikatika si lazima kazi isimame. Google Docs huandikika nje ya mtandao, mradi uliandaa mapema: ukiwa umeunganishwa, kwenye Chrome au Edge, ingia mipangilio ya ukurasa wenye orodha ya hati zako, washa matumizi ya nje ya mtandao, kisha zima Wi-Fi ujaribu kuandika sentensi. Wanaokwama ni wale wanaoikumbuka hatua hii mtandao ukiwa umeshakatika. Kwenye kompyuta ya kuazima usiiwashe, maana nakala za hati zako hubaki humo.

Programu ya kompyuta ina hatari yake: diski ikifa, hati imekwenda nayo. Word kwa kawaida huweka nakala ya uokozi kila dakika 10. Ipunguze hadi 2 kwenye mipangilio ya kuhifadhi. Hiyo inakuokoa umeme ukikatika, lakini laptopu ikiibwa haisaidii kitu. Weka nakala nyingine kwenye flashi au hifadhi ya mtandaoni. OneDrive hutoa GB 5 bure, Google GB 15, ila hizo 15 unazigawana na barua pepe na picha. Zikijaa, hata barua pepe hazipokelewi.

Sasa jaribu ile hati nzito. Ihifadhi kama .docx, aina ya faili ya Word, ifungue katika programu ya pili, uhesabu kurasa. Zikitoka 40 zikawa 43, mshukiwa wa kwanza ni fonti: isipokuwepo upande wa pili, programu huweka nyingine yenye upana tofauti, mistari inasukumana na jedwali linakatika katikati. Tumia fonti iliyopo pande zote mbili, au uiambatishe ndani ya faili kupitia mipangilio ya kuhifadhi ya Word. Ikiwa msomaji hatahariri, mtumie PDF.

Mara nyingi jibu ni zote mbili: rasimu ya pamoja iandikwe mtandaoni, kisha mtu mmoja apakue .docx na kupanga kurasa kwenye kompyuta. Siku hiyohiyo badilisha ruhusa za ile ya mtandaoni ziwe za kusoma tu, la sivyo kuna atakayeendelea kuisahihisha.