Kupanga Nyumba ya Mbao Inayotazama Ziwa Kutoka Vilima vya Riat

Anayenunua kiwanja kwenye vilima vya Riat, juu ya jiji la Kisumu, hununua kwanza mandhari: Ghuba ya Winam ikitanda upande wa kusini, na jioni jua likizama magharibi. Kwa hiyo mchoro wa nyumba usianze na idadi ya vyumba, bali uanze na kiti. Keti pale unapofikiria sebule itakuwa, asubuhi, adhuhuri na jioni, kisha pigilia vigingi kuonyesha jicho lako linaelekea wapi hasa, ndipo umwite mchoraji.

Jicho la mtu mzima aliyeketi huwa takriban mita 1.15 kutoka sakafuni. Ukingo wa chini wa dirisha linalotazama ziwa usizidi sentimita 60, na fremu isiwe na ubao wa mlalo unaopita kwenye kimo cha jicho. Kikwazo kikubwa zaidi ni reli ya veranda. Kwa kuwa ardhi inateremka, reli haina budi kufika karibu mita 1 kwa usalama wa watoto, na kimo hicho humkatia ziwa aliyeketi ndani. Njia ninayoipenda kuliko zote ni kushusha sakafu ya veranda kwa ngazi tatu, yaani sentimita 45 hivi chini ya sebule: anayesimama nje bado yuko salama, lakini kutoka sebuleni reli hiyo inafikia sentimita 55 tu, na macho hupita juu yake hadi majini.

Riat iko karibu kabisa na ikweta, hivyo mwishoni mwa Desemba jua la saa sita mchana huinamia kusini kwa nyuzi 23 hivi. Uwazi wa kusini wenye kimo cha mita 2 chini ya paa hukingwa saa hiyo na upenu wa sentimita 90, ambao pia huzuia mvua isilowanishe mbao. Upande wa magharibi upenu hausaidii, kwa sababu jua la alasiri huingia likiwa chini. Weka huko bafu na stoo, na machweo yatazamwe kutoka pembe ya veranda. Ukuta mzima wa vioo upande huo utaigeuza sebule kuwa tanuri. Upepo wa mchana hutoka ziwani, basi madirisha ya kusini yafunguke, yawe na wavu wa wadudu, na ukuta wa kaskazini uwe na matundu ya juu ya kutolea hewa ya moto.

Kuhusu mbao zenyewe, saiprasi hufaa kwa kuta, nayo mikaratusi iliyotiwa dawa hufaa kwa nguzo, ingawa mbao zake hujipinda na kupasuka zikikauka upesi. Mbao nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi. Zipange kivulini, ukitenganisha kila safu kwa vijiti ili hewa ipite, kwa wiki nyingi kabla ya kupigwa msumari. Ubao uliopigwa ukiwa mbichi husinyaa ukutani na kuacha nyufa. Zisimamishe wima, na kila kiungo kifunikwe kwa ubao mwembamba unaopigiliwa upande mmoja tu, ili mbao zipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Kwa ulinzi wa nje napendelea mafuta ya mbao kuliko vanishi, ambayo hubanduka juani na kulazimu kukwanguliwa yote kabla ya kupakwa upya.

Mchwa ndio adui mkuu. Inua sakafu angalau sentimita 45 juu ya ardhi kwa nguzo fupi za mawe au zege, kila moja ikivikwa kofia ya bati iliyokunjwa kingo kuelekea chini, kisha acha chini ya nyumba pawe wazi ili uweze kuinama na kukagua vijia vya udongo.

Mwisho, magharibi mwa Kenya radi ni nyingi, na nyumba ya mbao kileleni imejitokeza mno. Kinga ya radi na waya wake wa kwenda ardhini viingie kwenye mchoro unaopelekwa kaunti kuidhinishwa, na fundi mwenye ujuzi avifunge kabla familia haijahamia.