Kuhamia mlo wa mimea ukiwa na mtaalamu wa lishe

Wengi wanaoacha nyama, samaki, mayai na maziwa hukwama mahali pamoja. Kitoweo kinaondoka, sahani inabaki na ugali na mchicha, na hakuna kilichoshika nafasi ya kile kilichotoka. Baada ya wiki chache njaa haiishi, mwili umechoka, na lawama zote zinatupiwa mboga. Kazi ya kwanza ya mtaalamu wa lishe ni kukupangia kitoweo kingine, kwa kipimo, kabla hujaondoa cha zamani. Ili aifanye vizuri anahitaji taarifa ambazo ni wewe tu unazo.

Kwa Tanzania, ulizia kitengo cha lishe katika hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Halmashauri nazo zina maofisa lishe, na hata kama wanashughulika zaidi na lishe ya jamii, watakuelekeza kwa anayeona mgonjwa mmoja mmoja. Kwa Kenya, wataalamu husajiliwa na KNDI (Kenya Nutritionists and Dieticians Institute), taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, kwa hiyo omba kuona leseni iliyo hai. Akikuambia uache dawa za presha au za sukari, au akikuuzia virutubisho vyake mwenyewe kabla hata hajakupima, ondoka.

Cha kubeba siku ya kwanza

Andika kila ulichokula na kunywa kwa siku tatu: mbili za kazi na moja ya mwisho wa wiki. Usibadilishe chochote ili kumfurahisha. Andika saa, kiasi na namna kilivyopikwa: "saa saba mchana, ugali wa sembe, maharage vijiko vitatu vya kupakulia, chai ya rangi yenye sukari vijiko viwili." Chai ina uzito wake hapo, na sababu itaonekana mbele.

Piga picha bakuli na upawa unaotumia nyumbani, au vibebe kabisa. "Bakuli moja la maharage" linaweza kuwa mililita 150 kwako na 400 kwa jirani, na mpango mzima utajengwa juu ya kipimo hicho. Beba pia dawa zote unazomeza, zikiwa kwenye pakiti zake, za miti shamba zikiwemo. Na kama si wewe unayepika, nenda na anayepika. Mpango ambao mpishi hajausikia haufiki mezani.

Vipimo vya damu

Vya msingi ni picha kamili ya damu (maabara nyingi huandika FBP), ferritini, vitamini B12, sukari na kazi ya figo. Hemoglobini chini ya 12 g/dL kwa mwanamke asiye mjamzito, au chini ya 13 kwa mwanaume, ni upungufu wa damu. Ferritini chini ya 15 µg/L kwa mtu mzima mwenye afya inaonyesha ghala la madini ya chuma limekauka. Lakini malaria au maambukizi yoyote huipandisha, kwa hiyo usipime ukiwa na homa.

Kuna mtego mmoja unaofaa kumuuliza. Upungufu wa chuma hufanya chembe nyekundu ziwe ndogo, wa B12 huzifanya kubwa. Mtu mwenye vyote viwili anaweza kuonekana ana chembe za ukubwa wa kawaida kwenye karatasi ya majibu, kumbe ana matatizo mawili.

Kupanga kitoweo kipya

Protini huhesabiwa kwa uzito. Kiwango cha kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili. Kwa anayekula mimea tupu wataalamu wengi huongeza hadi 0.9 au 1, kwa sababu protini ya mimea haisagiki yote tumboni. Mwenye kilo 65 basi anatafuta kama gramu 60 hadi 65 kwa siku. Inafikika hivi:

- Asubuhi: uji wa ulezi wa gramu 50 za unga, ukoroge siagi ya karanga vijiko viwili vya chakula. Protini kama gramu 11.
- Mchana: maharage yaliyoiva kikombe kimoja na nusu (cha mililita 250), ugali wa dona wa gramu 150 za unga, mchicha bakuli moja. Karibu gramu 38.
- Usiku: choroko kikombe kimoja, wali vikombe viwili. Gramu 20 na kitu.

Angalia kikombe kimoja na nusu cha maharage. Hapo ndipo watu wanapokosea, kwa kuteka vijiko vitatu kama vile bado kuna nyama pembeni. Mikunde ni kitoweo, ipewe nafasi ya kitoweo kila siku. Kunde, mbaazi, dengu, choroko, njugu mawe, soya, zungusha upendavyo. Mahindi yana lisini (kijenzi kimoja cha protini) kidogo na mikunde inayo ya kutosha, hivyo makande ni chakula kilichokamilika kuliko watu wanavyodhani, wala si lazima viwili hivyo viwe kwenye sahani moja, mradi vyote viliwe ndani ya siku.

Usiruke toka sifuri hadi vikombe viwili na nusu kwa siku moja. Gesi itakutesa na utaacha. Anza na nusu kikombe kwa siku, ongeza kila baada ya siku nne au tano. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji yale, pikia mengine. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, maana yakiivishwa kwa moto mdogo tangu mwanzo yana sumu ya kutapisha. Magadi yanaharakisha kuiva, ni kweli, lakini yanaua vitamini B1 na kuongeza sodiamu. Ukishaloweka huna haja nayo.

Karanga na mahindi sasa utakula zaidi, kwa hiyo hatari ya sumukuvu nayo inaongezeka. Chagua karanga moja moja, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au uchungu. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo yote. Siagi ya karanga isiyojulikana imetoka wapi iache dukani.

Chuma, chai na ndimu

Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, ndiyo maana asiyekula nyama huwekewa lengo la mara 1.8 ya kawaida: kama miligramu 32 kwa siku kwa mwanamke anayepata hedhi, 14 kwa mwanaume. Badala ya kukimbizana na namba hizo, fungua njia ya ufyonzwaji. Chai na kahawa huzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo zinywe angalau saa moja baada ya chakula, hata chai ya maziwa ya soya. Kamulia ndimu kwenye maharage yakiwa sahanini, si sufuriani, kwa sababu joto huharibu vitamini C, ambayo ndiyo inayosaidia chuma kufyonzwa. Pera moja baada ya mlo linatosha kabisa. Kuchachusha uji na kutumia kimea hupunguza fiteti inayoshikilia chuma na zinki, na hilo bibi zetu walilifanya kila siku.

Kwa kalsiamu, usitegemee mchicha. Una oksaleti nyingi inayoizuia. Sukuma wiki na kabichi huachia kalsiamu vizuri zaidi, na unga wa ulezi una zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100. Chumvi iwe yenye madini joto, hasa kama unakula muhogo sana.

B12 hainunuliwi sokoni

Hakuna mmea unaoaminika kutoa vitamini B12, wala mwani wa spirulina. Lazima umeze. Viwango vinavyotumika sana ni mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Soma lebo, tafuta neno cyanocobalamin na kiasi chake. Vidonge vingi vya bei nafuu vya B complex havina B12 kabisa. Vile vya "mishipa" vyenye B1, B6 na B12 mara nyingi vina B6 ya miligramu 100 au 200, na B6 nyingi kiasi hicho ikimezwa muda mrefu huharibu neva zilezile unazotaka kulinda. Ghala la B12 kwenye ini linaweza kukushikilia miaka kadhaa, kwa hiyo kujisikia vizuri mwaka wa kwanza si ushahidi wa kitu. Anayemeza metformin, dawa ya kisukari, yuko hatarini zaidi, maana dawa hiyo hupunguza B12 hata kwa wala nyama.

Wenye dawa na hali maalumu

Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) amwone daktari kabla ya kubadili mlo, kwa kuwa wanga ukipungua sukari inaweza kushuka ghafla. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze majani kwa pupa. Ale kiasi kilekile kila wiki na kliniki yake ijue. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate mpango wowote wa juu hapa. Maharage, ndizi na viazi vina potasiamu nyingi, na vyake hupangwa kwa majibu ya damu yake. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wapangiwe mpango wao wa pekee, na B12 isisubiri hata wiki moja. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi na mboga vitamshibisha kabla hajapata nguvu anayohitaji.

Rudi kwa mtaalamu baada ya wiki mbili hadi nne ukiwa na kumbukumbu mpya ya siku tatu, mkarekebishe vipimo vya bakuli. Damu irudiwe baada ya miezi mitatu, kisha B12 kila mwaka. Ukipata ganzi au michomo miguuni, ulimi ukiwa mwekundu na unauma, moyo ukienda mbio kwa kazi ndogo, au uzito ukishuka bila kukusudia, nenda hospitali bila kungoja tarehe ya miadi, na uwaambie moja kwa moja kwamba unakula mimea tupu.