Mambo ya kuzingatia kabla ya upasuaji wa majeraha ya uso na shingo

Uso una mishipa mingi ya damu, kwa hiyo hata kidonda kidogo hutisha. Lakini kinachoua haraka zaidi ni njia ya hewa kuziba. Taya la chini likivunjika pande zote mbili, ulimi huweza kurudi nyuma na kuziba koo. Majeruhi mwenye fahamu anayetaka kukaa akiinama mbele asilazimishwe kulala chali, ila shingo yake ilindwe. Sauti ikianza kukwaruza, akikoroma, au uvimbe wa shingo ukizidi, mwite daktari papo hapo.

Kisu au chuma kilichokwama shingoni kisichomolewe nje ya chumba cha upasuaji. Huenda ndicho kinachozuia mshipa uliokatika usimwage damu. Kidonda nacho kisichokonolewe kwa kidole. Aliyetulia hupigwa picha ya CT (eksirei za kompyuta) ya mishipa ya damu, lakini anayevuja damu kwa kasi hupelekwa moja kwa moja kupasuliwa, huku damu ya kuongezewa ikiandaliwa.

Yapo ya kupima kabla ya ganzi au usingizi, na hapa ndipo ninapoona haraka ikileta majuto. Je, anaona kwa kila jicho? Lifunguliwe mapema, kabla uvimbe haujalifunga. Anaweza kukunja paji, kufumba macho, kuonyesha meno? Akishalala, hakuna atakayejua kama neva inayoendesha misuli ya uso ilikatwa na ajali au na upasuaji. Aulizwe pia kama meno yanakutana kama zamani. Jibu lake lina uzito sawa na picha ya eksirei. Nyusi zisinyolewe, kwani ndizo alama za kuoanisha ngozi.

Ndugu waje na picha yake ya zamani akitabasamu. Jino la ukubwani lililong'oka lishikwe kwenye taji (sehemu inayoonekana mdomoni), si mzizi, liletwe haraka ndani ya maziwa. Waseme ukweli kuhusu mzio, dawa za kuzuia damu kuganda, chanjo ya pepopunda na saa aliyokula mwisho. Kwa kawaida kabla ya usingizi husubiriwa muda wa saa 6 tangu kula chakula na saa 2 tangu kunywa maji matupu, ingawa dharura haingoji.

Mifupa ya uso mara nyingi husubiri siku kadhaa uvimbe upungue. Huko si kutelekezwa. Na kama taya litafungwa kwa waya, huenda kwa wiki 4 hadi 6, mgonjwa aambiwe mapema, na mkasi wa kukatia waya uwe kando ya kitanda chake tangu anapozinduka, asije akatapika mdomo umefungwa.